Dodoso linafika Mtwara likiwa limeshafungwa: tafiti zetu zinakosa nini?

Mdodosaji wa Newala (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Nawasalimu kutoka huku juu Newala, kibaridi kimeshaanza.

Kazi yangu wengi mnaijua. Mradi ukija natafutwa, napewa kishikwambi, posho na orodha ya kaya, naingia vijijini kuuliza maswali. Vyandarua, korosho, uzazi, vyoo, muhogo, vyote nimeuliza. Kuna jambo linanikera siku nyingi: maswali yanatungwa na kufungwa kabla anayeijua hali ya huku hajaulizwa. Naomba tulijadili kwa hoja, matusi tuyaache kwenye uzi wa mpira.

Tuchukue muhogo. Kwa msioijua konzo, ni ugonjwa unaompooza mtu miguu ghafla na haurudi nyuma, akishaupata ndiyo basi. Chanzo ni sumu ya sayanaidi inayobaki kwenye muhogo mchungu usioandaliwa vizuri, na inamkamata zaidi mtu ambaye mlo wake ni ugali mtupu, samaki hana, kunde hana. Ukame ukipiga, sumu ndani ya muhogo inaongezeka, na njaa nayo inawafanya watu wafupishe siku za kuloweka na kuanika. Mtwara tumo kwenye mikoa iliyowahi kupata milipuko ya konzo, pamoja na Mara na Ruvuma.

Mtaalamu aliyesoma maabara tu, ukimpa tatizo hili atakwambia waacheni muhogo mchungu, leteni mbegu tamu. Kikemia yuko sawa kabisa. Basi dodoso linatungwa huko huko mjini, linakuja na swali: "Kwa nini unalima muhogo mchungu?" Majibu ya kuchagua: 1. Unazaa sana. 2. Unavumilia ukame. 3. Haushambuliwi na wadudu. 4. Ndiyo mbegu iliyopo. 5. Nyingine (taja).

Mama mmoja nilipomsomea alicheka mpaka akaweka ungo chini. "Mwanangu, huo mtamu nimlimie nani? Ngedere? Nguruwe pori? Au hao vijana wanaopita usiku na kiroba?" Nikabonyeza 5, nikaandika "wizi na wanyama". Nyumba ya pili, 5. Ya tatu, 5. Sasa mnaofanya kazi hizi mnajua namba 5 inaishia wapi. Mchambuzi anazikusanya zote anaziita "sababu nyinginezo", ripoti inatoka na jedwali zuri, na sababu kubwa kuliko zote haimo.

Malawi, wilaya ya Nkhata Bay, miaka ya 1990, mtafiti Linley Chiwona-Karltun na wenzake waliingilia mlango mwingine. Waliwauliza wanawake wanaolima, waache waeleze wenyewe. Ikaonekana akina mama wanaitofautisha mihogo kwa kuionja, na uchungu wanaousema unaendana na sumu iliyopimwa maabara. Tena mchungu wanauchagua kwa makusudi, kwa sababu mwizi hauli shambani na mnyama hauchimbi. Kwao ni uzio. Ukishalijua hilo swali lako linabadilika: huulizi tena "tuwaachishe vipi", unauliza "tuwasaidieje kutoa sumu haraka zaidi".

Ndipo hoja yangu ilipo. Mtu mwenye jicho tofauti akiingizwa baada ya dodoso kufungwa ni mapambo. Aingie kabla. Nawasilisha.

Pilipili Kichaa

Mkuu umeandika vizuri lakini sikubaliani. Sayansi haina kabila. Maji yanachemka nyuzi 100 Mtwara, yanachemka nyuzi 100 Berlin. Ukianza mambo ya "mitazamo" kesho mtatuletea mganga maabara na tunguri lake.

Mwalimu wa Fizikia, Masasi

Pilipili, hilo sufuria lako lipandishe kileleni Kilimanjaro, litachemka nyuzi 80 na kitu. Ungekaa Mtwara maisha yako yote usingejua.

Na kwa kuwa lazima atajwe: Erasto Mpemba, mwaka 1963, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, aliona mchanganyiko wa moto wa aiskrimu unaganda kabla ya uliopoa. Mwalimu akamcheka darasani. Baadaye akiwa sekondari ya Mkwawa alimuuliza swali lile lile Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu aliyekuja kutoa mhadhara, wanafunzi wenzake wakacheka tena. Osborne alirudi akalipima, makala yao wawili ikatoka 1969. Wanafizikia mpaka leo wanabishana kama jambo lenyewe ni kweli au ni namna ya kupima, na mimi sina upande. Nachojali ni kwamba swali lilitoka kwa kijana anayetengeneza aiskrimu, halikutoka kwa mtu mwenye friji ya maabara.

Bwanashamba Mstaafu

Vijana, mnazungumza muhogo wakati korosho ipo.

Msimu wa 1973/74 nchi hii ilivuna zaidi ya tani 140,000, sehemu kubwa ikitoka kwetu. Msimu wa 1986/87 hazikufika 20,000. Mimi niliingia kazini wakati mikorosho inakufa mbele ya macho yetu, nikawa napokea wageni, kila mmoja na gari lake na daftari lake.

Mchumi alikuja akapiga hesabu ya bei anayopewa mkulima, akasema jibu ni bei, mtu hawezi kupalilia kitu kisichomlipa. Akaondoka. Akaja wa jiografia na ramani. Yeye akasema tatizo ni Operesheni Vijiji: watu walihamishwa kwenda kukaa pamoja, mikorosho ikabaki kule mbali, pori likaimeza na moto ukapita. Naye akaondoka. Mtu wa magonjwa ya mimea hakutaka kusikia habari za bei wala vijiji, alikwenda moja kwa moja kwenye ua la mkorosho, akaonyesha unga mweupe. Ubwiriunga. Ni kuvu, ulitambuliwa nchini mwishoni mwa miaka ya 1970, na ukishika ua hakuna korosho hapo.

Kila mmoja alikuwa na kweli yake. Lakini wakulima tuliokuwa nao walikuwa wanatuambia kitu kimoja kwa sentensi moja: "Shamba nililoliacha ndilo linaloniambukiza hili ninalolilima." Yaani mkorosho usiopogolewa unajaza maotea ndani kwenye kivuli, na kuvu ule unakaa humo humo kwenye maotea ukisubiri maua ya msimu. Kwa hiyo bei mbaya na kuhamishwa vilizaa shamba pori, shamba pori likawa ghala la ugonjwa. Daftari tatu, jambo moja. Salfa, dawa ya ubwiriunga, ilipokuja ilifanya kazi, lakini nani ananunua salfa kama bei hailipi mfuko? Miaka ya 1990 biashara ilipofunguliwa, bei ikapanda, watu wakanunua salfa, wakapogoa, na kufikia 1999/2000 tukavuka tena tani 100,000. Angekaa yule wa magonjwa peke yake angetuachia dawa tu. Angekaa mchumi peke yake tungepata bei nzuri ya korosho ambazo hazipo.

Hayo nimeyaona, sikuyasoma.

Kijana wa Tandahimba

Shikamoo mzee. Vipi kuhusu majimoto, wale sisimizi wa mtini? Babu yangu alikuwa anakataza kabisa kuwachoma, anasema ndio walinzi wa mkorosho. Mimi kila nikipanda kupogoa nashuka na uvimbe.

Bwanashamba Mstaafu

Marahaba kijana. Babu yako alikuwa sahihi. Majimoto wanamla na kumfukuza mbu wa mikorosho, yule anayefyonza machipukizi mpaka yanakauka kama yameungua. Watafiti wamelipima, wa hapa kituo cha utafiti cha Naliendele wakiwemo, na wanaona mkorosho wenye majimoto wa kutosha unapona. Kwa kuwa korosho huokotwa chini, muokotaji hapati shida sana. Anayeumia ni wewe wa juu. Jipake majivu mikononi, uvumilie.

Dawa na Dozi

Niwaongezee la upande wetu wa famasi.

Dallas, Marekani, kuna utafiti mkubwa wa moyo ambao waliouanzisha waliamua makusudi kuingiza Wamarekani weusi wengi, kama nusu ya washiriki. Zamani tafiti nyingi za aina hiyo zilikuwa za wazungu zaidi. Mwaka 2005 Jonathan Cohen na Helen Hobbs wakakuta kwamba kiasi cha watu weusi 2 kati ya 100 wana hitilafu kwenye jeni inayoitwa PCSK9 ambayo inawashushia lehemu mbaya kwenye damu. Mwaka uliofuata ikaonekana, katika kundi jingine lililofuatiliwa miaka mingi, kwamba wenye hitilafu hiyo lehemu yao iko chini kwa asilimia 28 na ugonjwa wa mishipa ya moyo umepungua kwa asilimia 88. Kwa wazungu hitilafu zile ni adimu sana. Mwaka 2015 zikaruhusiwa dawa zinazofanya kazi ile ile ya kuizuia PCSK9, na leo zinamtibu kila mtu, mzungu, mhindi, mmakonde mwenye hela.

Kinyume chake: kile kibanio cha kidoleni cha kupimia oksijeni. Wakati wa korona kila mtu alikijua. Mwaka 2020 madaktari wa Marekani walichapisha kwamba kwa wagonjwa weusi kifaa kilikosa kuonyesha upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi ya kwa weupe. Mwanga unapita kwenye ngozi, na rangi ya ngozi inauingilia. Vifaa hivyo vilikuwa hospitalini miongo kadhaa.

Pilipili Kichaa

Dokta nakuheshimu, ila hapo umechanganya. Hiyo ni sampuli, siyo mtazamo. Ukichukua damu ya watu wa aina nyingi ni takwimu nzuri, nakubali hata mimi. Hao watu weusi wa Dallas hawakuchangia wazo lolote, walitoa damu wakaenda nyumbani.

Dawa na Dozi

Hoja nzuri, na siyo dokta, mimi mfamasia. Lakini jiulize, nani aliamua damu ya nani ichukuliwe? Kibanio kilipimwa kwa watu waliokuwa karibu na wapimaji. Timu ambayo hakuna hata mmoja mwenye kidole cheusi, swali la "je, kwenye kidole cheusi?" halimjii mtu akilini. Siyo kwa ubaya. Halimjii tu.

Mwana Mwera

Pilipili amegusa jambo langu. Tendaguru, huku kwetu Lindi. Wajerumani walichimba mifupa ya mijusi ile mikubwa ya kale, dinosaria, kuanzia 1909 mpaka 1913, wakatoa zaidi ya tani 200 za mifupa, ikabebwa vichwani siku kadhaa kwa miguu mpaka bandari ya Lindi. Yule mkubwa kuliko wote amesimama Berlin, kimo cha zaidi ya mita 13. Ukisoma habari zake utakutana na Janensch na Hennig, wataalamu wa Kijerumani. Lakini aliyesimamia uchimbaji na kuisafisha mifupa ni Boheti bin Amrani, na wageni wenyewe waliandika kwamba walimtegemea. Wachimbaji walikuwa mamia, wenyeji watupu, tena miaka michache tu baada ya Majimaji.

Jina la Boheti lilikuja kuingia kwenye jina la mjusi mmoja wa huko mwaka 2007. Karibu miaka mia.

Sasa swali langu kwa mleta uzi: hao wachimbaji walikuwa "mitazamo tofauti" au vibarua? Maana walikuwepo tangu siku ya kwanza.

Mdodosaji wa Newala

Mwana Mwera, vibarua wenye macho ambayo hayakuulizwa. Mtu anayejua kutofautisha mfupa na jiwe kwa kugonga tu ana maarifa. Lakini sijasikia kama kuna aliyemuuliza tuchimbe wapi na tutafute nini, au kama mifupa yenyewe iondoke. Kuwepo na kusikilizwa ni vitu viwili. Na mimi mdodosaji nipo hapo hapo alipokuwa Boheti, tofauti yangu ni kishikwambi.

Jarife la Songo Mnara

Na samaki je? Silikanti wanasayansi walimhesabu kuwa ametoweka toka enzi za hao mijusi, mpaka 1938 alipovuliwa Afrika Kusini wakapigwa na butwaa. Wa pili alipatikana Komoro 1952, wavuvi wa kule wakashangaa watu wanashangaa nini, wao walishamzoea na jina wamempa, gombessa. Kwetu Tanzania wa kwanza kutambuliwa ni wa 2003, maji haya haya ya Kilwa, kwenye jarife. Ningependa kujua kama kuna mtu aliwahi kuwauliza wazee wetu kabla ya hapo.

Mzawa wa Kilwa

Jarife umeniwahi. Mimi nataka kusema la Washirazi, na najua nitawasha moto.

Wazee wetu siku zote wamesema tuna damu ya Shirazi, yaani ya Uajemi. Waakiolojia wa wakati wa mkoloni walilipenda hilo kupita kiasi, wakaona misikiti ya mawe Kilwa wakasema hii ni kazi ya wageni, mwafrika alikuwa anapita tu. Kikaja kizazi kingine, akiwemo Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikachimba chini ya mawe na kuonyesha mizizi ya watu wa pwani ni ya hapa hapa Afrika. Sawa kabisa. Ila katika kusahihisha, wengine wakaifanya hadithi ya wazee kuwa uzushi wa kujikweza.

Mwaka 2023 ukatoka utafiti wa vinasaba kwenye jarida la Nature, mifupa ya watu 80, wakiwemo wa Kilwa, Songo Mnara na Lindi. Upande wa mama karibu wote ni Afrika. Upande wa baba, wengi ni Uajemi, na kuchanganyika kulianza mnamo mwaka 1000. Kwa hiyo wazee hawakutunga. Chami na wenzake hawakukosea. Na wale akina mama, ambao hakuna upande uliowataja, ndio waliobeba sehemu kubwa zaidi ya damu.

Utafiti wenyewe unabishaniwa pia, maana sampuli nyingi zimetoka makaburi ya wenye uwezo, mvuvi wa kawaida hayumo sana. Haya, nani atalisema hilo kama siyo mtu anayejua kwamba mvuvi hazikwi msikitini?

Pilipili Kichaa

Hapo umenikamata kidogo. Kidogo.

Msomi wa Mikindani

Wadau, msidhani ukishawaingiza watu tofauti basi kazi imekwisha. Watafiti waliokuwa Chuo Kikuu cha Stanford, Bas Hofstra na wenzake, walipitia tasnifu za uzamivu za Marekani za kati ya 1977 na 2015, kama milioni 1.2. Matokeo yalitoka 2020. Wanafunzi wa makundi yaliyo machache kwenye fani zao ndio walioleta miunganiko mipya ya mawazo kwa wingi zaidi. Lakini mawazo yao yaliokotwa na wengine kwa uchache zaidi, na hayakuwapatia kazi za kudumu vyuoni kama yalivyowapatia wenzao. Yaani mpya analeta huyu, sifa inakwenda kule. Namba 5 ya mleta uzi ipo mpaka Stanford.

Pia mkae mkijua timu yenye watu tofauti ni shida kuiendesha. Nimekaa kwenye kikao ambacho daktari na mtu wa sosholojia walibishana mchana kutwa kuhusu maana ya "kaya". Mke mdogo anayepika chungu chake ni kaya nyingine au hiyo hiyo? Nilikereka. Lakini nakiri hesabu za vyandarua zingetoka nusu kama wasingebishana.

Mama Makopa

Nimesoma wote kimya kimya, sasa na mimi niseme. Mnasema "wenyeji, wenyeji" kama vile sisi ni mtu mmoja. Mtafiti akija anapita kwa mtendaji, mtendaji anaita wanaume waliokaa kijiweni, hao ndio "jamii". Kikao kinaitwa saa nne asubuhi, mimi saa nne niko shambani au kwenye foleni ya maji. Nikifika, mume wa mtu ananijibia swali la muhogo na hajawahi kumenya hata mmoja. Halafu ripoti inasema jamii ilishirikishwa.

Mwanamke aliyeolewa hapa akitokea Nanyumbu haandai makopa kama aliyezaliwa Newala. Na msichana wa sasa hataki kuloweka siku tatu, anataka kusaga leo apike leo. Huyo ndiye aliye kwenye hatari ya hiyo konzo, na huyo ndiye hamumuoni kwenye vikao kwa sababu ana mtoto mgongoni na mama mkwe pembeni.

Mdodosaji, umesema kutoa sumu haraka. Ipo njia? Usituachie hewani.

Mdodosaji wa Newala

Shikamoo mama. Umesema kitu ambacho nitakipeleka kwenye mafunzo ya wadodosaji yajayo, kile cha saa nne hasa.

Njia ipo, ilibuniwa na Howard Bradbury wa Canberra, Australia, na imefundishwa kwa akina mama sehemu zenye konzo, Kongo kwa mfano. Ni kwa ajili ya unga, baada ya kusaga. Weka unga mkavu kwenye beseni, usawazishe, tia alama ndani ya beseni usawa wa unga ulipofikia. Ongeza maji kidogo kidogo ukikoroga. Unga utashuka kwanza, halafu utaanza kupanda. Ukirudi kwenye ile alama, acha maji. Tandaza kwenye mkeka, tabaka jembamba lisizidi sentimita moja. Juani saa mbili, kivulini saa tano. Sumu inatoka kama hewa. Kisha songa ugali siku hiyo hiyo, usilaze, utavunda.

Na muhogo wako mchungu unabaki shambani, ngedere wakautazame.

Mama Makopa

Marahaba. Na masika, jua likikosa?

Mdodosaji wa Newala

Ndani ya nyumba, kivulini, zile saa tano. Asubuhi utandaze, mchana usonge.

Mama Makopa

Ugali haubadiliki ladha? Maana wangu hawa wakiona umebadilika hawagusi.

Mdodosaji wa Newala

Walioujaribu wanasema uchungu unapungua. Wengine wanaupenda zaidi.

Mama Makopa

Jumamosi nasaga. Nitajaribu na bakuli mbili, moja kwa njia hiyo, moja kama ninavyofanya siku zote, niwape wajukuu bila kuwaambia ipi ni ipi. Pilipili Kichaa, wewe si unapenda vipimo? Njoo uonje, samaki nitakaanga mimi.

Pilipili Kichaa

Nakuja mama. Ila beseni nalitia alama mimi mwenyewe.